Mafunzo Niliyopata kwa Darubini ya Inchi 12

Miaka miwili nilitazama anga kwa darubini nzuri huku nikiamini ni mbovu. Wewe unayedunduliza ununue yako, soma kwanza yaliyonikuta.

1. Kioo kikubwa hupoa taratibu

Usiku wa kwanza, hapa Iringa, niliitoa sebuleni nikaielekeza Zohali papo hapo. Nilitarajia pete, nikaona kitu kinachezacheza kama sarafu chini ya maji ya mto. Nikalaumu kioo, nikaanza hata kuulizia bei ya kingine. Usiku wa manane, nilipokwenda kuirudisha ndani, nikachungulia mara moja tu. Pete zilikuwa zimetulia, na ule mwanya mweusi wa Cassini kati ya pete unaonekana wazi! Sikuwa nimegusa kitu. Kioo kilikuwa kimetoka na joto la ndani, na hewa vuguvugu iliyopanda kutoka usoni pake ndiyo iliyotikisa picha. Siku hizi naitoa jua likizama, na nyuma ya kioo nimefunga feni ya kompyuta kuukuu, inayokwenda kwa betri ya volti 12. Sijaifanyia darubini hii jambo jingine lililonilipa kiasi hicho.

2. Usiogope skrubu

Isaac Newton alitengeneza darubini ya namna hii mwaka 1668. Kioo kilichobonyea kilichoko chini hukusanya mwanga na kuurudisha juu, kisha kioo kidogo bapa kilicholazwa mshazari huutupa ubavuni, kwenye lenzi ya kuchungulia. Vioo hivyo visipotazamana sawasawa, nyota huota mkia. Zangu ziliota, maana niliibeba darubini kwa pikapu kwenye barabara ya vumbi, na skrubu za kurekebisha vioo niliziogopa nisije nikaharibu. Kumbe ni kazi ya dakika tano: alama ndogo katikati ya kioo kikubwa, na kifuniko chenye tundu la kuchungulia mahali pa lenzi. Kisha chagua nyota angavu, ivuruge fokasi yake kidogo. Ukiona viduara vyenye kitovu kimoja, umefika.

3. Vumbi liache

Nilifuta kioo kwa kitambaa cha miwani. Mikwaruzo ipo hadi leo. Utando wa alumini uko mbele, si nyuma kama kioo cha kujitazamia, na ni mwembamba mno. Vumbi kidogo halizuii kuona. Likizidi kabisa, suuza kwa maji yaliyokenekwa, bila kusugua.

4. Boresha mwendo wake

Kitako changu ni cha mtindo wa John Dobson, aliyewasimamisha wapita njia San Francisco wachungulie mwezi: sanduku la mbao, bila mota. Changu kilikwama, kisha kikaruka ghafla, na nyota ikapotea. Nilitaka kununua mota. Fundi seremala akaniambia tubadilishe kwanza vipande vya kuegemea, tukaweka vya tefloni. Sasa naisukuma kwa kidole.

Jioni za Mei tunaitafuta Omega Centauri, kundi la mamilioni ya nyota ambalo kwa walioko Uingereza halichomozi kabisa. Kwa macho matupu ni doa la ukungu. Mjukuu wangu hupanda ndoo, hushika pumzi, na kuanza kuhesabu nyota zake. Wiki iliyopita alifika mia mbili, akanikataza kuigusa darubini hadi amalize.