Mtetemo wa Nyundo ya Ujenzi: Makadirio Kabla ya Pigo la Kwanza

Wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika si wageni wa mtetemo wa ardhi. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitikisa pande zote mbili za ziwa. Tetemeko halibishi hodi. Mtetemo wa nyundo inayopigilia nguzo za msingi, kama zile zinazobeba gati, ni jambo jingine: chanzo chake kinajulikana, na nguvu yake hukadiriwa kabla ya kazi kuanza.

Kinachopimwa ni kasi ya kutikisika kwa udongo, kwa milimita kwa sekunde. Mwongozo wa usafiri wa umma wa Marekani huchukua takriban milimita 16 kwa umbali wa mita 7.5 kutoka kwenye nguzo. Umbali ukiongezeka mara nne, mtetemo hupungua hadi sehemu moja ya nane. Hivyo nyumba iliyo mita 30 hupata takriban milimita 2, na wodi iliyo mita 120 robo milimita. Uzito wa nyundo na aina ya udongo hubadilisha hesabu hiyo, ndiyo maana mhandisi makini hupima tena kwa nguzo za majaribio.

Mwili huhisi mapema kuliko ukuta. Kwa viwango vya Uingereza, mtu aliye nyumbani huanza kuhisi mtetemo kwenye 0.3, ukifika 1 hulalamika, ingawa huvumilia akiwa amearifiwa mapema. Kwa ukuta, viwango vya Ujerumani huanzia 5 kwa nyumba za makazi na 3 kwa majengo dhaifu. Nyumba kongwe za matofali ya udongo pale Ujiji, kwa maoni yangu, zihesabiwe miongoni mwa hayo dhaifu, na nyufa zake zipigwe picha kabla ya ujenzi.

Mtetemo wa kiasi hicho hukatiza usingizi na kuzidisha wasiwasi. Ninachohofia zaidi ni mjamzito anayetokwa damu, au mzee mwenye maumivu ya kifua, kuambiwa “ni nyundo tu” akabaki nyumbani. Hizo ni dalili za hatari. Afikishwe kituoni bila kuchelewa.

Mganga mfawidhi wa kituo kilicho jirani na ujenzi adai ratiba ya kazi na makadirio ya mtetemo wodini, maabara na chumba cha upasuaji. Hadubini huweza kutikisika kabla mgonjwa hajahisi chochote. Usomaji wa slaidi usio wa dharura upangiwe saa ambazo nyundo imetulia.