Mwenye Ugonjwa Aulizwe

Mara nyingi mapadre na wauguzi huyakuta mambo haya. Mzee amelala chumbani, na daktari amekwisha kuona kuwa ugonjwa wake hauponi tena. Kabla daktari hajafika kitandani, wana na ndugu humzuia mlangoni na kumnong'oneza: "Bwana Daktari, tafadhali usimwambie. Mwambie atapona." Basi ndani watu hucheka kicheko cha bandia, na nje hushauriana: auzwe ng'ombe yupi, apelekwe mji gani, apasuliwe au asipasuliwe. Wote huulizwa shauri, ila mwenye ugonjwa.

Hatusemi kwamba ndugu hao ni wabaya. Wafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini yafaa tuulize: je, mapenzi hayo yana haki ya kumnyang'anya mtu siku zake za mwisho? Twajibu kwamba hayana, na sababu ni hizi.

Kwanza, uhai ni amana aliyopewa mgonjwa mwenyewe na Mungu, naye ndiye atakayeitolea hesabu. Tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pio wa XII, akijibu maswali ya madaktari wa dawa za usingizi, alieleza kuwa daktari hana haki juu ya mgonjwa pasipo ruhusa yake, iwe ya kutamkwa au ya kufahamika tu. Tena hata haki ya jamaa, mgonjwa akiwa amezimia, hufuata mapenzi yake yanavyoweza kudhaniwa. Basi fahamuni vema: jamaa hawaulizwi, "Ninyi mwataka nini?" bali, "Yeye angalitaka nini?"

Pili, mtu asiyejua kwamba anakufa hawezi kujiandaa. Huenda ana deni alilokopa kwa siri. Huenda ana shamba lisilo na wosia. Huenda yuko ndugu wasiyesemezana miaka kumi. Huenda angependa kumwita padre. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humwumbua. Sisi twaficha maradhi ya mwenzetu, na kinachotuumbua ni ugomvi wa urithi juu ya kaburi bichi.

Tatu, Papa huyo alifundisha kuwa mtu hupaswa kuulinda uhai wake kwa njia za kawaida, yaani zisizomletea yeye au wengine mzigo mzito kupita kiasi. Zaidi ya hapo halazimishwi. Na mzigo huo apimaye ni nani? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Baba akisema, "Wanangu, msiuze shamba; nirudisheni nyumbani nife katikati yenu," hajiui, wala wanawe wakimtii hawamwui. Lakini kumwua mgonjwa kwa makusudi, ati kumwondolea taabu, ni jambo jingine kabisa, nalo ni dhambi hata akiliomba mwenyewe.

Wengine huuliza: kuacha kupasua na kuhangaika, si kumtupa mgonjwa? Sivyo. Hapo ndipo ianzapo kazi ya hospisi. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, alifungua St Christopher's Hospice mjini London mwaka 1967. Alifundisha kuwa maumivu ya anayekufa si ya mwili tu, bali ni ya moyo, ya jamaa na ya roho pia. Tena dawa itolewe kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi. Kwetu Afrika Mashariki, Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, na mofini ya maji ikaanza kutumika, dawa ambayo mgonjwa aweza kuinywa nyumbani kwake. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofundishwa hasa kazi hiyo kuiandika, kwa kuwa madaktari ni wachache.

Basi asiseme mtu kwamba mofini ni dawa ya kuulia. Ikitolewa kwa kipimo cha maumivu hutuliza, na mgonjwa aweza kupata tena usingizi na nguvu ya kuagana na watu wake. Kutulizwa hivyo ni haki yake, nalo Kanisa halikatazi.

"Je, ukweli hautamvunja moyo?" Twajibu: ukweli usitupwe kama jiwe. Daktari na aketi, aulize kwanza: "Baba, wewe waonaje ugonjwa huu? Ungependa kuambiwa yote, ama nimwambie mwanao?" Akisema hataki kujua, hiyo nayo ni haki yake. Lakini achague yeye. Kwa kweli wengi wamekwisha kujua; wameuona mwili wao ukiisha, wameisikia minong'ono ya mlangoni. Wanyamaza ili wasituhuzunishe sisi, nasi twanyamaza ili tusiwahuzunishe wao. Na hivyo mtu hufa peke yake katika nyumba iliyojaa watu.

Wasomaji wapenzi, semeni na wazee wenu mambo haya wangali wazima, jioni baada ya chakula, pasipo haraka. Nanyi mlio wazee, waambieni wana wenu mnalolitaka. Na siku ya ugonjwa ikifika, kabla hamjamzuia daktari mlangoni, ingieni ninyi kwanza, mkaketi kitandani, mkamwulize mwenye ugonjwa.