Swali Lako Limo Daftarini

Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari msingi huku Mathira, kaunti ya Nyeri. Nina umri wa miaka 38, nimeolewa na nina watoto wawili. Mkubwa yuko Gredi ya 10. Nimepata barua ya kujiunga na uzamili wa elimu, ule wa utafiti na tasnifu, katika chuo kikuu kilicho karibu na hapa. Nimeutamani tangu nilipomaliza shahada ya kwanza miaka 12 iliyopita.

Shida iko nyumbani. Mume wangu ni mkulima wa kahawa na ana duka dogo la pembejeo mjini Karatina. Nilipomgusia habari hii aliniuliza hicho cheti kitaongeza shilingi ngapi kwenye pesilipu. Sikuwa na jibu. Dada yake aliyekuwepo akadakia kwamba mke akisoma kupita kiasi huachwa, kama Wangari Maathai. Nililala nikilia.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mume wangu. Karo ya muhula wa kwanza nimeshalipa kwa mkopo wa chama chetu cha akina mama. Yeye anajua nilikopa kwa ajili ya karo ya mtoto.

Mwalimu mwenzangu ananiambia nisijitese. Yeye alimlipa kijana fulani Nairobi, akaandikiwa tasnifu yote, na joho akavaa. Ameniahidi namba ya simu. Nikipiga hesabu ya darasa, shamba na watoto, naona huenda ndiyo njia pekee.

Msimamizi ametaka nimpelekee mada na sina. Niliwazia "athari za mtaala mpya" lakini naona kila mtu anaandika hiyo. Akili yangu imejaa mambo ya darasani tu. Sasa hivi, kwa mfano, kinachoninyima usingizi ni wavulana wangu wa Gredi ya 8. Siku za soko la Karatina saba au wanane hawaonekani, wanasukuma mikokoteni. Kahawa ikiiva, hata wasichana hupungua. Nina daftari ambamo naandika nani hakuja na kwa sababu gani, tangu mwaka juzi, wala hakuna aliyeniagiza. Lakini hilo ni la kando. Shangazi, niendelee au niache?

Mwalimu, Mathira

*

Mwanangu,

Naanza na deni kwa kuwa haliwezi kungoja. Mwambie mume wako wiki hii, kabla ya mkutano ujao wa chama. Wanawake wenzako wa chama wanajua ulichokopa na ulichokilipia, na Karatina si mji wa siri. Akilisikia dukani kwake kutoka kwa mteja, mazungumzo ya masomo yatakuwa yamekufa, na patabaki swali la kwa nini ulimdanganya. Usilipambe. Mwambie ulikopa kiasi gani, unalipa vipi kila mwezi, na kwamba uliogopa. Halafu mwache akasirike. Ana haki hiyo.

Sasa swali lake la pesilipu. Nimelisoma mara mbili na sioni ubaya wake. Ni swali la mtu anayejua bei ya mbolea, nawe unapaswa kumjibu kwa ukweli: huenda cheti hicho kisiongeze hata shilingi moja. Miaka ya nyuma walimu wengi walikimbilia shahada wakitarajia cheo kifuate, lakini tangu Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ianze kutumia mwongozo wake wa kupandisha vyeo mwaka wa 2018, cheti cha ziada peke yake hakimpandishi mwalimu ngazi. Ukimwahidi mumeo nyongeza ili akubali, baada ya miaka miwili utakuwa na uongo wa pili wa kuungama. Afadhali umwekee mezani gharama zote: karo, nauli, uchapishaji, ada za vibali, na zile Jumamosi ambazo hutakuwa shambani. Kisha mwambie kwa nini unakitaka hata hivyo. Hilo la mwisho hukuniandikia vizuri, lakini nimeliona kwenye barua yako na nitalifikia.

Angalau umbali umepungua. Enzi zetu, wengi tuliotoka Nyeri, Embu au Meru tulishuka Nairobi kila Ijumaa jioni kwa matatu ili tuwahi vipindi vya wikendi. Karatina na Chuka zilipewa hati ya kuwa vyuo vikuu kamili mwaka wa 2013, Embu 2016. Leo unaweza kumwona msimamizi wako mchana na jioni ukala na wanao. Hilo pia mwambie mumeo.

Kuhusu wifi yako, nimeumia kuona jina hilo likitumiwa kumtisha mwalimu, tena huko Nyeri alikozaliwa. Wangari Maathai, msichana wa Ihithe kule Tetu, alipata uzamili wake wa biolojia katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, mwaka wa 1966, na uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1971. Ndoa yake ilivunjika baadaye, ni kweli, na yalikuwa machungu makubwa kwake. Lakini wanaume na wanawake huachana hata pale ambapo hakuna aliyevuka darasa la saba, na hakuna anayelaumu ujinga wao. Mimi ningependa wifi yako ajue habari ya kupe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mama huyu alikuwa akichunguza ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, akizunguka mashambani nje ya Nairobi kuwakusanya kwenye ngozi za mifugo. Katika kuwatafuta kupe aliona ng'ombe wamekonda, mito imejaa tope, na wanawake wanahangaika kupata kuni. Alitumwa na utafiti mmoja, akarudi na swali jingine. Mwaka wa 1977 akaanza kupanda miti na akina mama, na kilichofuata hadi Nobeli ya 2004 unakijua. Mtu asiyezoea kuinama na kutazama ng'ombe mmoja baada ya mwingine asingeiona ile mito.

Ndiyo maana nitakuwa mkali kuhusu namba ya simu ya yule kijana wa Nairobi. Usiichukue. Biashara hiyo ipo, tena kubwa. Vijana wetu wenye akili wanawaandikia wanafunzi wa ng'ambo na wa humu nchini, na simlaumu kijana asiye na kazi kama ninavyomlaumu mwalimu anayemlipa. Wewe husimama mbele ya watoto na kuwakataza kunakili. Chuo kikigundua hata baada ya mahafali, shahada inaweza kufutwa. Lakini hata kisipogundua kamwe, utakuwa umelipa pesa ya chama ili mtu mwingine ajifunze badala yako. Katika uzamili wa utafiti, karatasi ile si kitu. Kitu ni miezi ile ya kukaa na jambo moja hadi likufunulie usilolitegemea. Ukiiuza miezi hiyo, hakuna ulichonunua. Kama kweli huna saa, ahirisha. Omba chuo kikushikie nafasi hadi mwaka ujao, usimamishe mkopo usikue, na urudi ukiwa tayari. Kuahirisha hakuna aibu.

Na saa unazihitaji kweli. Kwenye karatasi ni miaka miwili. Yangu ilichukua minne, kwa sababu msimamizi wangu aliondoka katikati na aliyemrithi akataka sura mbili ziandikwe upya. Kwa hiyo kabla hujalipa muhula wa pili, nenda idarani ukaulize mambo ambayo hayaandikwi kwenye tovuti ya chuo. Msimamizi huyo ana wanafunzi wangapi? Wangapi wamemaliza chini yake? Huchukua muda gani kurudisha sura uliyompa? Ukiweza, mtafute mmoja wa wanafunzi wake, mnywe chai naye. Mwone pia mwalimu wako mkuu mapema na uulize utaratibu wa TSC wa ruhusa ya masomo, ili usije ukatakiwa kujieleza kwa nini hukuwepo shuleni.

Sasa nije kwenye ulichokiita jambo la kando.

Mwanangu, umeandika barua ndefu ukisema huna mada, na mada iko ndani ya barua. "Athari za mtaala mpya" iache. Mtaala huo ulianza nchini kote mwaka wa 2019 na ni mpana kama Aberdare. Utaingia humo na usionekane tena. Wavulana saba au wanane wa Gredi ya 8 wanaokosa siku za soko, hao unawajua. Unajua mkokoteni ni wa nani na mama yupi anauza nini. Msimu wa kahawa ukifika, kuanzia Oktoba hadi Desemba, unajua nani atakuwa anachuma kwa debe badala ya kuandika insha. Kuna watu wenye shahada tatu ambao hawana daftari kama hilo lako.

Lakini daftari halijawa swali. Jiulize: kati ya hao wanaokosa, nani hurudi kesho yake na nani hukaa wiki nzima? Tofauti yao ni nini? Ile pesa wanaipeleka wapi, kwenye kamari au kwenye sare ya wadogo wao? Mimi sijui, na nashuku hata wewe hujui ingawa unadhani unajua. Hapo ndipo utafiti unapoanzia.

Tena jihadhari. Usiwahoji wanafunzi wako mwenyewe. Mtoto hawezi kumkatalia mwalimu anayemsahihishia mtihani, kwa hiyo kukubali kwake si kukubali. Nenda shule nyingine, Othaya au Mukurwe-ini, wanakokuona kama mgeni mwenye maswali, na daftari lako libaki kama kilichokuamsha. Kamati ya maadili ya chuo itakuuliza hayo, na utahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, kabla ya kumhoji mtu yeyote, pamoja na idhini ya ofisi ya elimu ya kaunti na ya wazazi wenyewe. Usione vibali hivyo kama usumbufu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamwajibisha mzazi ambaye mtoto wake haendi shule. Mama akikuambia ukweli kwamba mwanawe anasukuma mkokoteni ili wale, amekukabidhi kitu kinachoweza kumfikisha kwa chifu. Ficha majina, ficha kijiji, fungia hojaji kabatini. Na umhoji kwa Kikuyu, si kwa Kiingereza cha hojaji ulizonakili chuoni; mtu haelezi njaa yake kwa lugha ya ofisi.

Basi nadhani umeshajua nitasema uendelee, ukishalisafisha lile deni. Daftari lipeleke kwa msimamizi lilivyo, majina tu ukiyafunika.

Ila kabla halijafika chuoni, mwonyeshe mume wako, jioni ileile utakayomwambia habari ya mkopo ama kesho yake akitulia. Yeye ni mkulima wa kahawa. Msimu ukifika ndiye anayewalipa wachumaji kwa debe, na dukani kwake wanaingia wenye mikokoteni wote wa soko. Msomee sababu zile za daftarini, taratibu, bila majina, uone ni zipi anazozijua.