Uteuzi wa Vipimo vya Skana katika Kuhifadhi Michoro ya Vitabuni

Mhakiki wa fasihi ya watoto husoma mchoro pamoja na maneno yanayouzunguka. Kitabu kinapochakaa, aghalabu kinachobakia mikononi mwake ni nakala ya skana. Iwapo nakala hiyo ilichukuliwa ovyo, vijistari vyembamba alivyovichora msanii kuonyesha kivuli huungana vikawa bonge la weusi, na mhakiki akaishia kumlaumu msanii kwa kosa la mtambo.

Kabla ya kugusa vipimo, sharti ibainishwe namna mchoro ulivyochapwa. Kioo cha kukuzia hutoa jibu upesi. Mchoro wa kalamu huonekana kama mistari ya wino mzito isiyokatika. Picha yenye vivuli huwa imeundwa kwa vitone vidogo vilivyopangwa safusafu. Katika vitabu vya karatasi nzuri huwa safu 133 hadi 150 kwa inchi, na katika magazeti yapata 85.

Mchoro wa mistari huhitaji nukta 600 kwa inchi, au 1,200 ikiwa mistari ni myembamba mno. Ni heri kuchagua kijivu chenye ngazi 256 kuliko nyeusi na nyeupe tupu, kwani hali hii ya pili huilazimisha skana kuamua papo hapo kipi ni wino na kipi ni karatasi, na uamuzi huo hautenguliki. Picha ya vitone ina taabu yake. Ikichukuliwa kwa nukta 300, vitone vya mchapaji na nukta za skana hupishana vibaya, na mawimbi yasiyokuwamo kitabuni hujitokeza. Dawa ni kuichukua kwa 600, kuvififisha vitone kwa programu ya picha, kisha kuipunguza hadi 300. Kazi hii ifanyiwe nakala ya pili. Ya kwanza ibaki ilivyo, maana vitone vyenyewe ni ushahidi wa historia ya uchapaji.

Nakala hiyo ya kwanza ihifadhiwe katika faili ya TIFF. JPEG hutupa baadhi ya taarifa ili faili iwe ndogo. Gharama ipo: ukurasa wa A5 wenye rangi, kwa nukta 600, huchukua takriban megabaiti 52, na wa kijivu 17. Karatasi nyeusi ikiwekwa nyuma ya ukurasa huzuia maandishi ya upande wa pili kuonekana. Kitabu chenye mgongo dhaifu kisigandamizwe kiooni. Afadhali kivuli kidogo pembeni kuliko kurasa kung'oka.

Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya mchoro hudumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki msanii. Kwa hiyo jina lake liandikwe pamoja na nakala, ijapokuwa mara nyingi hulazimu kulitafuta kwa herufi ndogo katika ukurasa wa hakimiliki, na pengine lisiwepo kabisa.