SOMO: MIGUU NA BAISKELI VINA THAMANI GANI?



Hapa Luanda Kotieno swali hili halikosi mikutanoni: pesa za sanduku tununue pikipiki moja au baiskeli kadhaa? Watu huhesabu nauli na petroli, basi. Afya haihesabiwi. Leo tujifunze kuihesabu.

1. Faida

Shirika la Afya Duniani lina kipimo kiitwacho HEAT, cha kukadiria thamani ya kutembea na kuendesha baiskeli. Msingi wake ni huu: katika kundi la watu wazima wanaoendesha baiskeli dakika 100 kwa wiki, vifo hupungua kama asilimia 10. Kutembea dakika 168 kwa wiki hupunguza kama asilimia 11. Moyo, presha na sukari ndiyo mambo yenyewe.

Dakika 100 si nyingi. Ni dakika 10 kwenda gatini na 10 kurudi, siku 5.

2. Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano tu. Kata ina watu wazima 1,000, na kila mwaka hufa 5. Wote wakiendesha dakika hizo, asilimia 10 ya 5 ni nusu. Yaani kila miaka 2, mtu mmoja hatazikwa mapema. Hebu fikirieni gharama ya matanga moja: ng'ombe, jeneza, matibabu ya kabla, karo ya watoto waliobaki.

Wataalamu huzidisha vifo hivyo kwa kiasi ambacho watu wako tayari kulipa ili kupunguza hatari. Si kwamba uhai una bei. Sisi sote twajua hauna. Ni njia ya kumwonyesha anayepanga bajeti kwamba njia ya miguu nayo inaleta faida.

3. Tahadhari

Kwanza, kipimo hiki ni cha kundi, si cha mtu mmoja. Usimwambie jirani ataishi miaka fulani zaidi.

Pili, kiliundwa kwa watu wasiofanya kazi nyingi ya mwili. Mama anayelima asubuhi na kubeba maji jioni ameshafanya mazoezi. Kwake faida ya ziada ni ndogo. Baiskeli itampunguzia mzigo na muda, na hayo nayo tuyahesabu.

Tatu, toeni ajali. Katika Kenya waendao kwa miguu ndio wengi kati ya wanaouawa barabarani. Bila kando salama kwenye barabara ya Ndori, faida inaliwa na hasara.

Kazi ya kikundi

1. Wanachama wangapi hutembea au huendesha baiskeli? Dakika ngapi kwa wiki?
2. Mwaka jana tulitumia pesa ngapi kwa nauli? Kwa presha na sukari?
3. Ajali ngapi zilitokea, na mahali gani?

Andikeni majibu kwenye daftari la kikundi. Kikao cha bajeti cha kaunti kikiitwa, nendeni nalo. Mwenye hesabu mkononi husikilizwa.