SOMO LETU: Gari Lililolala Miaka, Petroli Inakomea Wapi?



Katika vijiji vyetu vya Tana River si ajabu kukuta Land Rover ya zamani imelala chini ya mwembe, kuku wanatagia kwenye kiti. Tuseme ni ya kikundi chenu. Siku moja mnakaa kikao na kuulizana: "Kwa nini tukodi gari kila msimu wa maembe, na hili letu lipo?" Mnaweka betri nzuri. Stata inazunguka, lakini injini haiwaki. Papo hapo mmoja anasema: "Kabureta imekufa hiyo. Tuchange tukanunue nyingine Malindi."

Ngojeni kwanza. Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na pesa ya kikundi ni jasho la watu. Mkifunga kabureta mpya huku tangi lina kutu na maji, nayo itaziba. Pesa imekwenda na gari bado limelala. Kwa hiyo somo hili lina neno moja: msinunue kitu kabla ya kuifuata petroli kutoka tangi hadi kabureta, na kujua imekomea wapi.

Tutatumia mfano wa Land Rover Series III ya petroli, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Ikiwa yenu ni ya dizeli, njia yake ni nyingine, muoneni fundi.

KABLA YA KUANZA

Petroli huua. Mvuke wake hauonekani, nao hutambaa chini kama maji.
- Fanyeni kazi nje, mchana. Pasiwe na sigara, jiko wala koroboi karibu.
- Wekeni ndoo ya mchanga mkavu tayari. Watoto wakae mbali.
- Msivute petroli kwa mdomo. Ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua.

Pimeni oili ya injini. Kisha fungueni plagi mzungushe injini kwa hendeli, mjue kama haijashikana. Angalieni pia kama plagi zinatoa moto, lakini fanyeni hivyo kabla ya kufungua mahali popote pa petroli. Kama moto wa plagi hakuna, shida haijafika kwenye petroli bado. Kama upo, ondoeni waya za betri, tuendelee.

HATUA YA 1: TANGI

Kwenye gari hili tangi kwa kawaida liko chini ya kiti cha mbele. Fungueni kifuniko mnuse. Petroli nzuri ina harufu kali. Iliyokaa sana hunuka kama rangi ya mbao, kwa sababu sehemu yake nyepesi imeruka na joto, na iliyobaki inageuka kuwa ulimbo.

Fungueni nati ya chini ya tangi, mjaze chupa safi ya kioo. Iacheni itulie nusu saa. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na mtaona mstari. Kama gari liliwahi kufikiwa na mafuriko, msishangae kuona maji na matope. Mkiona unga mwekundu, hiyo ni kutu ya tangi. Mwageni yote, mlishushe tangi na kulisafisha. Kuongeza petroli mpya juu ya uchafu hakusaidii.

Angalieni pia njia ya hewa ya tangi. Ikizibwa na vumbi au nyumba ya nyigu, gari huwaka, likaenda kidogo, kisha likazima. Ukifungua kifuniko unasikia "fyuu", halafu linawaka tena.

Petroli mbovu msiimwage mtoni wala karibu na kisima, na kamwe msiitie kwenye taa. Iwekeni kwenye mkebe wa chuma wenye kifuniko, muuandike, na muulize gereji watakavyoipokea.

HATUA YA 2: PAIPU

Fuateni paipu kwa mkono kutoka tangi hadi pampu. Mipira iliyokaa juani hupasuka. Hapa wengi hudanganyika: wanatafuta mahali panapovuja, wasipoona wanasema paipu ni nzima. Lakini sehemu hii pampu inavuta. Ufa mdogo hautoi petroli nje, unaingiza hewa ndani. Mpira uliopasuka, badilisheni. Hauna bei ya kabureta.

HATUA YA 3: PAMPU

Pampu imefungwa ubavuni mwa injini. Nyingi zina kikombe cha kioo na kiwiko kidogo cha kupampu kwa mkono. Fungueni kikombe, mwageni maji na takataka, osheni chujio la waya, na mwangalie kama mpira wa kukazia ni mzima. Ukivuja, pampu itavuta hewa.

Sasa fungueni paipu inayoingia kwenye kabureta na muielekeze kwenye chupa. Pampuni kwa kiwiko. Kikiwa legevu, zungusheni injini kidogo kwa hendeli, mjaribu tena. Petroli ikiruka kwa nguvu kila mkipampu, pampu inavuta.

Isipokuja, msiilaumu pampu bado. Chukueni mpira mzima, mtie mdomo wake kwenye mtungi wa petroli safi ulio chini, na upande wa pili mfunge kwenye pampu. Ikivuta sasa, kosa liko nyuma, kwenye tangi au paipu. Isipovuta, kosa ni pampu yenyewe. Nuseni pia kijiti cha oili. Kikinuka petroli, huenda ngozi ya ndani ya pampu imetoboka. Msiwashe injini mpaka itengenezwe na oili ibadilishwe.

HATUA YA 4: KABURETA

Petroli ikifika hapa na gari bado linakataa, ndipo mfungue kabureta. Mara nyingi haijafa, imeganda tu. Boya au sindano yake imeshikwa na ulimbo, au vitundu vya jeti vimeziba. Osheni kwa petroli safi na kupuliza kwa pampu ya baiskeli. Msichokonoe jeti kwa waya. Kitundu kikipanuka, gari litakunywa petroli bila kipimo.

Mkimaliza, kazeni kila kitu, futeni petroli iliyomwagika, na mngoje mvuke uishe. Kisha rudisheni betri muwashe. Likiwaka, msianze safari. Breki na matairi yaliyolala miaka nayo yakaguliwe na fundi.

NENO LA MWISHO

Mashine ndogo za petroli tunazovutia maji ya mto shambani zina shida hizi hizi: tangi, koki, mpira, kabureta. Msimu ukiisha, mwageni petroli yote kabla ya kuziweka stoo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Je, kikundi chetu kimewahi kununua kipuri ambacho hakikuhitajika? Nani aliamua, na alipima nini kwanza?
2. Ni mashine gani yetu imelala sasa? Nani atakwenda kunusa tangi wiki hii?
3. Petroli yetu tunaiweka wapi, na watoto wanaweza kuifikia?