Moto wa Bluu: Namna ya Kusafisha na Kutunza Jiko la Gesi

Sufuria zikianza kutoka jikoni na masizi kwenye vitako, wengi wetu husema tumeuziwa gesi mbovu. Mara nyingi gesi haina kosa, jiko ndilo chafu. Gesi ya mitungi ni propani na butani, na ili iungue vizuri lazima ichanganyike na hewa ya kutosha kabla ya kufika kwenye matundu ya kichomeo. Njia hiyo ikiziba, moto hugeuka wa njano, hutoa masizi na huzalisha kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Moto wa bluu, uliotulia, ndio dalili ya jiko zima. Uangalie kila unapowasha.

Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Basi jiko la gesi linazidi kuwa chombo cha kila nyumba, na kila nyumba inapaswa kujua kulitunza.

Kila siku

Zima jiko, liache lipoe, kisha lipanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, halafu likaushe. Usiache mpaka kesho chai ya maziwa iliyofurika: sukari na maziwa vikikauka hugeuka gundi ndani ya matundu. Povu la maharage na maji ya wali nayo ni hivyo hivyo. Kwa wanaoishi karibu na bahari, kukausha ni lazima, maana hewa ya chumvi hula bati haraka.

Kila wiki

1. Funga mtungi. Ondoa vyuma vya kuwekea sufuria, kisha vichomeo.
2. Loweka vichomeo katika maji ya moto yenye sabuni kwa nusu saa. Kama ni vya aluminiamu, usitumie magadi, kwa kuwa huila.
3. Sugua kwa mswaki wa zamani. Tundu lililoziba lizibue kwa sindano au waya mwembamba. Njiti ya meno haifai, hukatikia ndani.
4. Chungulia kwenye mrija unaopeleka gesi kwenye kichomeo. Buibui na wadudu wengine hupenda kujenga humo, hasa jiko likikaa muda bila kutumika. Utando mdogo tu unatosha kuharibu moto.
5. Nozeli, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba, ipanguse kwa nje tu. Ukiichokonoa tundu hupanuka, gesi hupita kupita kiasi na moto hauwi sawa tena. Ikiziba, mpe fundi.
6. Kausha kila kitu kabisa, kisha rudisha vichomeo vikae sawasawa. Kikikaa upande, moto huwaka upande.

Ukishasafisha na moto ukabaki wa njano, tazama chini ya jiko. Majiko mengi yana kisahani cha kurekebishia hewa kwenye mrija. Kizungushe kidogo kidogo huku jiko likiwaka, mpaka bluu irudi. Ikishindikana, mwite fundi.

Mpira na regyuleta

Ukunje mpira kwa vidole hatua kwa hatua, kuanzia kwenye regyuleta hadi kwenye jiko. Ukiona nyufa, au umekauka na kuwa mgumu, au panya ameutafuna, badilisha mzima. Usiufunge kwa plasta wala mpira wa baiskeli. Angalia pia tarehe iliyochapwa juu yake, na hakikisha vibano vya ncha zote mbili vimekaza.

Kisha paka povu zito la sabuni kwenye maungio yote, fungua mtungi huku swichi za jiko zimefungwa, na utazame. Povu likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja. Usijaribu kamwe kwa kiberiti.

Ukisikia harufu ya gesi

Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa na kutuama sakafuni. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, na watoe watoto nje. Usiwashe wala kuzima taa, feni au simu. Cheche moja inatosha. Zima jiko la mkaa na kibatari kilicho karibu, ikiwa unaweza kufanya hivyo kwa usalama. Kama uvujaji haukomi, tokeni nje wote na mwite msaada mkiwa mbali. Mtungi ukae wima daima, mahali penye hewa, mbali na jiko la mkaa.

Ili usisahau, funganisha ukaguzi na mtungi. Kila unapobadilisha mtungi, kagua mpira na maungio kwa povu kabla ya kuwasha. Kazi hiyo ni ya dakika tano tu.